Alama Nne za Swali la Sita

Asubuhi tuliyoanza kusahihisha, Mama Kawira alinivizia kwenye meza yake ya miraa karibu na steji. Nasema alinivizia kwa sababu saa hizo yeye huwa ameinamisha kichwa akifunga miraa kwa majani ya ndizi, na hasalimii mtu ambaye hanunui.

"Muga, Mwalimu Kagendo," akasema. Sote wawili ni Wameru, kwa hivyo alianza kwa Kimeru akamalizia kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi yetu Isiolo. "Kawira wangu apate tu hiyo arobaini. Siombi zaidi."

Nikamwambia karatasi zina nambari, hazina majina. Nikamwambia hata zingekuwa na majina, mimi si mtu wa mambo hayo. Akacheka, akaninyooshea ndizi mbivu. Nikairudisha mezani.

Chini ya meza palikuwa na stuli ya pili, ambayo Kawira hukalia Jumamosi akimsaidia mama yake. Mama aliisukuma ndani kwa mguu. "Hii nataka kuipasua iwe kuni," akasema. "Lakini akianguka, basi. Atakaa hapa na mimi."

Hiyo arobaini haikuwa mchezo. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame na unga wa manjano wa msaada, na ofisi ya elimu ilikuwa imeamua kwamba mtoto wa kidato cha nne anayekosa alama arobaini katika somo lolote la mtihani wa majaribio hatafanya ule wa kweli wa mwisho wa mwaka. Atarudia darasa. Kurudia! Mwaka ule kurudia lilikuwa jina la heshima la kuacha shule. Huko Sericho na Korbesa, mashariki ya wilaya, ng'ombe walikuwa wamelala chini wakawa mifupa, na mzazi aliyekuwa amemfikisha mtoto kidato cha nne kwa kuuza fahali mmoja baada ya mwingine hakuwa na fahali wa kuuzia mwaka wa tano.

Tulikuwa watatu katika darasa moja la mabati, likizo ya Agosti, upepo ukituletea vumbi la uwanja mzima kupitia madirisha yasiyo na vioo. Tuliwekelea mawe juu ya karatasi zisiruke. Bwana Gikunda ndiye aliyekuwa mkuu wa usahihishaji. Mtu wa tai hata kwenye joto lile, na ndiye aliyetunga mtihani wa biashara na mwongozo wake wa majibu. Mwalimu Jirma, Mborana wa upande wa Merti, alisahihisha maswali ya kati na kujumlisha alama. Mimi nilipewa swali la mwisho, la sita, kwa karatasi zote za wilaya.

Nina taratibu zangu na sizionei haya. Swali moja, mkono mmoja, mwanzo hadi mwisho. Jalada nalikunja nyuma nisione nambari ya shule wala alama walizotoa wenzangu. Na nikishakula chakula cha mchana narudia zile karatasi chache za kwanza, kwa sababu najijua: asubuhi mimi ni bahili, nikishashiba githeri naanza kugawa alama kama shangazi kwenye arusi. Mtoto hapaswi kufeli kwa sababu karatasi yake ilinikuta na njaa. Jirma alikuwa akinitania kwamba nasahihisha kama daktari wa mifugo anayekagua meno.

Swali la sita lilikuwa hivi: biashara ya nje ni nini? Kwa kutumia mfano, eleza ugumu wake. Alama nne. Na mwongozo wa Bwana Gikunda ulisema, kwa mstari mmoja: biashara kati ya nchi mbili, kwa mfano Kenya kuiuzia Ujerumani kahawa, alama nne. Hapo akaweka nukta.

Basi nikagawa. Ujerumani, nne. Ujerumani, nne. Wanafunzi wangu wa mjini wote walikuwa na Ujerumani, maana niliwasomea mimi mwenyewe sentensi ile kutoka kitabuni wakaiandika. Macho yalianza kufumba. Ukisahihisha jibu moja mara nyingi, unaacha kulisoma, unalitambua tu na kupita, kama unavyompita jirani asubuhi.

Halafu nikaifikia moja iliyoniamsha. Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea, lakini kilienda. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

"Biashara ya nje ni kama kupeleka ng'ombe Kenya kuuza. Kwanza unatafuta kibali. Ng'ombe wanakaa karantini mpaka daktari aseme hawana ugonjwa. Kwa kizuizi polisi anataka kipande cha kitambulisho. Mnunuzi hujui lugha yake na yeye ndiye anataja bei. Wakifunga njia, ng'ombe wanakufa ukingoja, na hakuna mtu wa kushtaki."

Nikacheka kwa sauti. Bwana Gikunda akataka kujua kuna nini, nikamsomea. Naye akacheka hadi akalegeza tai.

"Kupeleka Kenya! Kwani yeye yuko wapi? Mwezini? Hiyo ni sifuri, Madam. Hata kama ni wa Sericho, Sericho ni Kenya. Hajui hata maana ya nchi."

Nikaandika sifuri. Mbele kidogo nikampata mwingine aliyejibu vilevile, kisha mwingine. Fungu zima, bila shaka la shule moja ya mashariki ya wilaya, lilikuwa limepeleka ng'ombe Kenya. Sifuri, sifuri, sifuri. Watu wa huku husema hivyo, najua. Mtu akipanda basi la kwenda kusini anakuambia anaenda Kenya. Lakini huo ni usemi wa barabarani, na huu ulikuwa mtihani.

Jirma hakucheka. Alikuwa amesimamisha kalamu yake.

"Madam, swali imeuliza ugumu. Hii mtoto ameandika ugumu ama hajaandika?"

"Ameandika ugumu wa biashara ya ndani, Mwalimu."

"Kibali, karantini, polisi, lugha, njia kufungwa. Na hawa wa Ujerumani wameandika ugumu gani?"

"Mwongozo haudai," Gikunda akamkatiza. "Tusianze siasa. Tukianza kuhurumia hawa, kesho watu watasema Isiolo alama ni za bure."

Mimi pia sitaki alama za huruma, nikasema hivyo, na nilimaanisha. Alama ya huruma ni tusi. Jirma akainua mabega, akarudi kwenye karatasi zake. Nilijua amekasirika kwa sababu aliacha kunitania.

Saa ya chai alituletea chupa yake ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, akatumiminia wote. Wakati huo Gikunda alikumbuka kwamba amebeba kitu changu kutoka ofisini. Akatoa bahasha ya kahawia kwenye mkoba.

Nilijua ni nini kabla sijaifungua. Kila mwaka nilikuwa nikiomba uhamisho, na kila mwaka walikuwa wakinijibu kwamba Isiolo haina mwalimu mwingine wa biashara. Sasa walikuwa wamekubali. Nkubu! Kwetu! Mvua, majani ya chai, mama yangu hatua chache kutoka shuleni. Nilitaka kulia, nikaruka badala yake, chai ikamwagika.

"Jamani, nimetoka!" nikapiga kelele. "Muhula ujao niko Kenya!"

Gikunda alitazama kikombe chake. Nkubu ni safari ya asubuhi tu kutoka pale; ukitoka mapema unawahi chai huko.

Jirma akanyoosha mkono, akachukua kalamu yangu nyekundu mezani, akaichezesha hewani mbele yangu.

"Sifuri, Madam," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akitabasamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Niliketi nikiwa na barua mkononi na furaha yote imenitoka. Nilikuwa nimesomea biashara chuo kikuu, nikawaandikia sifuri watoto wale kwa neno ambalo mimi mwenyewe nalitumia nikiwa na furaha.

"Bwana Gikunda," nikasema baadaye kidogo, "tugawanye alama."

"Tugawanye vipi?"

"Maana ya biashara ya nje, moja. Mfano sahihi wa nchi mbili, moja. Ugumu, mbili. Aliyepeleka ng'ombe Kenya hapati maana wala mfano. Sericho iko Kenya, na mtoto lazima aambiwe hivyo hata kama hakuna mwingine amewahi kumwambia. Lakini ugumu ameueleza, apewe mbili zake. Na wa Ujerumani, kama hakuandika ugumu, hapati za ugumu."

Gikunda alinitazama. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu mbaya. "Unajua maana yake? Lazima urudie zote. Si za Sericho peke yake."

"Zote."

"Na Ujerumani wengi ni wa kwako."

"Najua ni wa nani."

Akachukua mwongozo, akakata mstari wake, akaandika upya kwa mwandiko mdogo na kutia sahihi. Nami nikavuta rundo kutoka mwanzo. Mgongo uliniuma, macho yaliwasha kwa vumbi, na kila karatasi ya Ujerumani niliyoigusa niliishusha. Nne ikawa mbili. Nne ikawa mbili. Za ng'ombe zikapanda. Sifuri ikawa mbili. Mara mojamoja nilipata mtoto aliyeandika maana, mfano na ugumu pamoja, nikamwachia nne zake na moyoni nikamshukuru.

Jalada unaweza kulikunja. Mwandiko hukunji. Kawira ana herufi zenye mikia mirefu inayoingia mstari wa chini, nimezisahihisha tangu kidato cha kwanza. Nilipoziona nilisimamisha kalamu. Nikasoma jibu lake mara ya kwanza, nikasoma tena, nikitafuta neno moja tu la ugumu: ushuru, lugha, bahari, fedha za kigeni, chochote. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na Kenya, kahawa na Ujerumani, na hata koma ilikuwa pale nilipopumua nikiwasomea. Alikuwa ameandika kila kitu nilichompa.

Nikaandika mbili, nikapitisha.

Jirma alijumlisha upya siku iliyofuata. Wale wa mashariki walivuka karibu wote, wawili wakiwa juu ya mstari kabisa, arobaini kavu. Wa mjini walipungua lakini wengi walikuwa na akiba. Kisha akanisogezea karatasi moja, kidole chake kikiwa kwenye jumla iliyokatwa na kuandikwa upya. Arobaini na moja ilikuwa imekuwa thelathini na tisa.

Gikunda aliinama juu ya bega langu. Naye pia alikuwa amechoka. Tai haikuwepo tena.

"Moja tu hiyo," akasema kwa sauti ya chini. "Ongeza moja, Madam. Nani atajua?"

Niliwaza stuli. Niliwaza ndizi ambayo sikuila. Nilikasirika, na hadi leo sijui nilimkasirikia nani: Gikunda kwa mstari wake mmoja, Jirma kwa kalamu yake ya hewani, Kawira kwa utiifu wake, au mimi. Nilitazama zile arobaini kavu mbili. Kama moja ingekuwa ya kugawa, basi nao hawakuvuka, waligawiwa.

"Ataijua huyu," nikasema, nikionyesha karatasi ya Kawira. Nikaifunga jalada na kuiweka kwenye rundo la wanaorudia.

Matokeo yangebandikwa Jumatatu, lakini sikutaka Mama Kawira ayasome ukutani. Nilimfuata mezani jioni, wateja wakiwa wachache. Nikamweleza kwa Kimeru, polepole, swali lilikuwa lipi, alama ziligawanywa vipi na kwa nini. Aliendelea kufunga miraa yake. Sidhani alisikia zaidi ya thelathini na tisa.

"Moja," akasema.

"Moja, mama."

"Na wewe ndiye ulisahihisha."

"Ni mimi."

Alikaza kamba kwa meno, akaikata. Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane.

"Basi atarudia," akasema mwishoni. "Nitakopa, nitauza hata kitanda. Mtoto hakosi moja halafu tumtupe. Wewe si utamkazania mwaka ujao? Wewe ndiye unajua pale alianguka."

Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu, na mkoba ulikuwa begani. Ningeweza kusema uwongo mdogo. Nikamwambia nimepewa uhamisho, muhula ujao sipo, ila ofisi itamleta mwalimu mwingine wa biashara.

"Kutoka wapi?"

"Nairobi watatafuta."

"Wamtoe Kenya wamlete huku?" Akanitazama kwa mara ya kwanza jioni ile, si kwa hasira, kama mtu anayetazama basi ambalo limeshaondoka. "Mwalimu, wewe mwenyewe umengoja kutoka miaka mingapi? Nani ataingia?"

Akainama chini ya meza, akaivuta ile stuli ya pili, akaipangusa vumbi kwa leso yake, akaiweka kando ya yake.