Saa ya Upande wa Ziwa

"Uliza kama chumba kina ngazi," Hobert alisema kutoka kitini pake, bila kugeuza kichwa.

"Nimeshauliza. Hakina." Verna alifunika simu kwa kiganja. "Sasa nyamaza, bwana, binti wa watu asije akasikia unavyokoroma ukiwa macho."

"Sikoromi. Hayo ni makaa ya mawe ya mgodini yanayodai kutoka kifuani."

Verna hakucheka. Alikuwa amepika katika jiko la shule maisha yake yote, na alijua kwamba kitu kizuri hushuka bei kikikosa wanunuzi. Mwanzoni mwa Machi, katikati ya wiki, miti ingali mitupu, loji ya hifadhi ya jimbo hukaa bila wageni. Hapo ndipo mtu wa kawaida hupata upenyo, na mzee hupunguziwa tena. Maharage na mkate wa mahindi wangebeba wenyewe ndani ya kasha la barafu. Mlo mmoja tu wangenunua: kambare wa kukaanga, kwenye meza iliyotazama ziwa.

Ambalo hakumwambia binti wa simu ni kwamba Aprili ingeletwa mashine ya hewa ya kumsaidia kupumua, na Hobert angefungwa nayo kwa mrija kama mbuzi kwenye kigingi. Tangu waoane walikuwa wamelala nje ya nyumba yao kwa misiba na kwa hospitali tu. Kwa starehe, kamwe.

"Nitakwenda," Hobert alikubali hatimaye. "Ila wakinitazama kwa pembe ya jicho tu, nageuza gari."

Hakuwa anatania. Kwenye arusi ya mpwa wao aligeuza gari getini, kwa kuwa kijana wa kuegesha magari alilitazama mara mbili.

Waliendesha kutwa kuelekea magharibi, milima ikipungua hadi ikaisha. Mapokezi, binti aitwaye Kaylin aliwapa ufunguo. "Karibuni. Mmepata loji nzima, mko karibu peke yenu." Hobert aliuchunguza uso wake, asione kasoro.

Alivaa shati jeupe. Saa yake ya mkononi, aliyoilinganisha na redio kila asubuhi, ilipoonyesha kumi na mbili jioni, walisimama mbele ya ukumbi wa chakula. Mlango ulikuwa umefungwa. Nyuma ya kioo meza zilikuwa zimeandaliwa. Mhudumu mmoja alipita, akawaona, akainua mkono, akaenda zake.

"Umeona?" Hobert alisema polepole. "Ufunguo wa gari uko wapi?"

"Ngoja nikaulize."

"Mlango uliofungwa hauulizwi, Verna. Umeshajibu."

Verna aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Ufunguo ulikuwa humo. Kaylin akatokea na taulo zimejaa mikononi.

"Mbona mapema, mzee? Jiko linafungua saa kumi na mbili."

"Sasa ni saa kumi na mbili."

Binti aliinama akaitazama ile saa. "Ya wapi hiyo? Mmetoka mashariki, siyo? Njiani mlivuka mstari wa majira; upande huu saa hurudi nyuma kwa saa moja. Huku ndiyo kwanza saa kumi na moja."

Habari za mstari huo Hobert alizisikia tangu utotoni, kama mtu anavyosikia habari za bahari.

"Basi hii saa nzima ni ya nani?"

"Yenu, mzee."

Akamgeukia mkewe. "Hii nayo uliiomba kwenye simu?"

"Nilikwambia naomba punguzo."

Waliketi barazani, na Hobert akairudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Kwao, wakati huo, mlima ulikuwa umeshalimeza jua. Hapa lilikuwa bado limesimama juu ya maji, halina haraka na mtu. Hobert alivuta pumzi moja moja, kama anayeteka maji kwa kata iliyotoboka. Harufu ya kambare ilipowafikia na mlango ukasikika ukifunguliwa, hakuinuka.

"Waanze wengine," alisema.

"Wengine gani? Tuko peke yetu."

"Basi watangoja."

Walipovuka mstari kurudi nyumbani, Verna alisogeza mbele saa ya gari. Hobert hakuigusa yake; alivuta mkono wa shati ukaifunika.

Aprili mashine ililetwa, ikakaa pembeni ya kiti ikinguruma. Jioni moja Verna alikuwa jikoni akikoroga maharage. Kivuli cha mlima kilikuwa kimeujaza ua.

"Saa ngapi, mzee? Nipakue?"

Hobert alipandisha mkono wa shati, akatazama kwa makini.

"Bado," alisema. "Jua halijafika majini."

Verna alirudisha kifuniko juu ya sufuria, akapunguza moto, akavuta kiti kingine hadi karibu na chake.