Hemel, Juu ya Kamba ya Nguo

...na maji bado yanachuruzika, “kaza, Mama, kaza,” Sista Hendrika anacheka kwenye ncha yake ya shuka na Tusajigwe anakamua kwenye ncha yake, mikono ile jamani, myekundu kama ya mtu aliyetoka kuvuna viazi, Mholanzi gani huyu anayefua wakati wafuaji wengine wako chai, kesho anahamia Iringa na hospitali itabaki yatima, na Tusajigwe atabaki na neno lake kooni, mbona ulimtoa mwanangu nje, kitovu hakijakatika, Juni ile ya sabini na nne, baridi ya Mbeya inayong'ata mifupa, ukamfunga kwenye sweta lako ukatoka naye, mimi kitandani siwezi hata kuinuka, na jioni akafa... lakini sema kweli, Tusajigwe, tangu asubuhi kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi... halafu Mzee Saulo wa kanisani akasema, asiyebatizwa hapigiwi kengele, mbinguni hayumo, akazikwa kimyakimya nyuma ya migomba, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi tangu siku ile anafua macho chini, juu hatazami, atazame nini... “Itanyesha,” Sista anasema, “ona hemel ilivyo nyeusi kule mlima Loleza.” Hemel ndiyo nini tena? “Neno la nyumbani. Hii hapa juu, ya mawingu.” Na kule kwa Mungu mnakuitaje, Sista? “Hemel. Ni hiyo hiyo. Hata jirani zetu Wajerumani wanasema Himmel, ya mvua na ya Mungu, moja tu.” Loo, watu hawa! sisi huku tuna anga, tuna mbinguni, na ufunguo kautia Mzee Saulo mfukoni... ngoja kwanza, bibi alikuwa anasemaje kwa lugha yetu, kumwanya, mvua inatoka kumwanya, Mungu yuko kumwanya, kumbe bibi naye hakuweka ukuta, Mholanzi na bibi yangu, nani angejua... “Mama,” Sista hacheki tena, “mtoto wako niliona hatafika usiku. Mama yangu alisema, mtoto asiondoke bila kuiona hemel. Ndiyo maana nilimtoa. Nisamehe ile baridi. Alifumbua macho.” Alifumbua macho! siku mbili ubavuni mwangu hakufumbua, mimi mwenyewe sikuyaona, “yalikuwaje, Sista?” “Makubwa. Meusi. Kama yako. Akatazama juu, akatazama weee.” Aliiona basi, alifika kwa macho kabla Mzee Saulo hajafunga mlango, na aliyembeba ni huyu, mikono hii hii myekundu, mama we, na muda wote huu nimekunyima hata salamu ya moyo... shuka bado bichi, maji bado yanachuruzika, wingu la Loleza liko palepale, na Tusajigwe ameinua uso, anatazama kule kweusi alikotazama mwanawe, machozi yanamwingia masikioni, “ndaga, Sista,” anasema kwa lugha ya mama yake, asante, “ndaga fijo, haya, kaza.”