Muhuri wa Tawi la Ng'ambo

Jumatatu ile Kasanda Maganga alilala na hasira zake mchana kweupe, saa tisa, jezi ya klabu bado mwilini. Msimhesabu mvivu. Jana yake Nyuki FC, timu aliyoipenda tangu hajaota ndevu, ilikuwa imechapwa manne kwa bila nyumbani kwao Tabora, na yeye, katibu wa tawi la mashabiki la mtaa wa Ng'ambo, ndiye aliyeanzisha jukwaani kelele za "Kocha aondoke!" mpaka sauti ikamkauka. Kocha mwenyewe alikuwa na wiki tano tu kazini, wa tatu tangu Fidelisi Chubwa ainunue klabu, tajiri wa magodoro ambaye hajawahi kupiga hata danadana mbili. Asubuhi tajiri huyo akaleta barua: kila tawi lipige muhuri kumkataa kocha aliyepo na kumuunga mkono mpya, mchambuzi wa redio mwenye maneno matamu ambaye hajafundisha hata timu ya shule. Tawi litakalokubali litapewa basi la kwenda Kigoma kwenye mechi ya kujinusuru kushuka daraja. Litakalokataa litajijua lenyewe. Kasanda aliisoma barua mara tatu, kichwa kikamuuma, akajitupa kitandani muhuri ukiwa mkononi.

Usingizi ukamchukua hadi nchi asiyoijua. Ilikuwa na uwanja mmoja tu, mpana usio na mwisho, na badala ya nyasi palikuwa na miche ya mahindi, na magoli yalihama kila alipopepesa macho, mara mbele yake, mara mgongoni. Katikati, juu ya rundo la magodoro, aliketi bwana mnene aitwaye Majivuno, amevaa suti na njumu, ya kulia mguu wa kushoto. Chini yake mtumishi wake Papara alikuwa akihangaika, jasho chapachapa, aking'oa mche mmoja mmoja kukagua mizizi. "Huu nao haujazaa!" analalamika, anautupa, anapanda mwingine palepale. Na kila mara, kabla mche haujang'olewa, ulisikika mlio, ko! Kasanda aligeuka huku na huku kutafuta unakotoka, asione kitu. Alichanganyikiwa vibaya sana, hata akasahau kama alikuja kutazama mpira au kulima.

Pembeni, kwenye goli moja lililokubali kutulia, mwanamke mtu mzima alikuwa akishona wavu uliotoboka. Alisema jina lake ni Uzoefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, lakini karibu."

"Mama, huyu aliye juu ya magodoro, nani kampa shamba?"

"Mlimpa ninyi," alijibu bila kuinua macho. "Alikuja mkutanoni na pilau na jezi mpya, mkanyoosha mikono kabla hata mimi sijapata kiti."

"Basi mfukuze!"

"Mimi sifukuzi mtu. Mimi nashona. Hajui kulima, na hata mimi sikuzaliwa najua. Ila kila akitaka kutulia ajifunze, husikia ule mlio, naye huogopa, akamtuma Papara ang'oe. Mtafute anayegonga."

Kasanda alimwendea Majivuno, akamuuliza kwa ukali nani anagonga. Majivuno akacheka kwa wasiwasi. "Nitajuaje mimi? Nikisikia ko, najua wananchi wameamua." Jibu hilo lilizidi kumvuruga, kwani siku zote alidhani ni huyu bwana anayeamua na wananchi wanaumia tu. Akainama, akaokota mche uliotupwa. Kwenye jani palikuwa na wino wa zambarau: Tawi la Ng'ambo. Akaokota wa pili, wa tatu. Wote. Aliona aibu, akataka kukimbia, ila mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umeinuka wenyewe, unashuka, ko!

Ko! ko! ko! Ulikuwa mlango. Kasanda aliamka. Muhuri ulikuwa umelaliwa, ukaacha wino wake kifuani, juu ya nembo ya nyuki. Aliutazama, akakumbuka. Wale makocha wawili wa kwanza nao waliondoka kwa barua zilizopigwa muhuri huuhuu, na yeye aliupiga huku akishangiliwa.

"Katibu!" Alikuwa Bi Tabu Nkwabi, mwenyekiti wa tawi. "Barua iko wapi? Mtu wa tajiri anasubiri."

"Sijapiga. Sipigi. Aliyepo abaki amalize msimu."

"Wewe? Si jana ulitaka kumrushia kiatu?"

"Nilitaka."

"Na Kigoma tutaendaje?"

"Kwa treni, hata kwa kusimama."

Bi Tabu alimtazama ule wino kifuani. "Haya. Na akifungwa tena huko, Kasanda, utafanya nini?"

Kasanda alifikiri. Hakuwa na uhakika kama kocha yule anajua kazi, wala kama tajiri atajifunza. Kichwa bado kilimzunguka.

"Nitanyamaza," alisema, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yale mabao manne.