Mzigo wa Mama Mkubwa Pelagia Katika Sinema ya Mji wa Mabwawa

Usiku wa jana niliota nimeketi sinemani, na nilichelewa sana kutambua kwamba kiti nilichokalia kilikuwa kikinihesabu.

"Wa tano," kilisema chini yangu, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. "Sasa inaruhusiwa."

Ulikuwa mji mdogo wa Ucheki, wenye mabwawa ya samaki na theluji, ambao huonyesha filamu za maisha halisi katika ukumbi wa mazoezi ya viungo. Mlangoni, Bi Květa, mtunza ukumbi, alikuwa amenivua viatu na kunipa ndara za sufu, kwa kuwa sakafu ile haikupenda kukanyagwa na mtu isiyemfahamu. Niliona ni haki.

"Kanuni ni moja tu, Bwana Kunambi," alisema. "Wasipotimia watazamaji watano, filamu haionyeshwi. Wakipungua katikati, inakatika papo hapo."

Niliwatazama wenzangu. Mfamasia wa mji na mkewe walikuwa mstari wa mbele, wakimenya machungwa. Nyuma yao, ndani ya beseni la bati, alikuwamo samaki mkubwa wa bwawani, tiketi imebanwa kwenye pezi. Wa nne lilikuwa koti la sufu lililoachwa hapo msimu uliopita.

"Koti nalo linatazama?" niliuliza.

"Kuliko wewe," alijibu samaki. "Wewe tangu uingie unatazama watu."

Taa zinazimika. Kitambaa cheupe kinapata rangi, nami ninapatambua mahali kabla sijapaona vizuri: milima ya Uluguru, matuta ya Mgeta yaliyopangwa ngazi kwa ngazi hadi kwenye ukungu. Mwanamke anashuka, tenga la kabichi kichwani. Ni Mama Mkubwa Pelagia, dada yake mama, aliyenilea mpaka nikaenda chuo kikuu, na ambaye tulikwisha kumzika.

"Ndiye yule mama asiyefika," mfamasia alimnong'oneza mkewe.

"Asiyefika wapi?" niliuliza.

"Mwisho," alisema samaki. "Kila majira ya baridi filamu hii huletwa, na kila mara mtu huondoka kuwahi basi. Inakatika, naye hajatua mzigo. Msimu uliopita aliondoka mwenye koti. Koti lenyewe lilikataa."

Ndipo nilipoelewa kwamba siku zote hizo alikuwa bado amesimama na tenga lile.

Sakafu iliinuka. Mistari ya viti ikawa matuta, karoti zikaota kati ya viti, ukungu ukashuka hadi kwenye ndara zangu. Hakuna aliyeshangaa. Mke wa mfamasia alifunga tu kifungo cha sweta.

Mama Mkubwa anafika uani, anasimama. Kwetu, tenga la namna ile halishushwi na aliyelibeba, maana litamvunja shingo. Mbebaji huita yeyote aliye karibu, hata kama wamegombana.

"Jamani, nani yupo? Nitueni!"

Uani hakuna mtu. Mpiga picha yupo, lakini yeye ameshika kamera.

"Krispini!" Ananitazama moja kwa moja kutoka kwenye kitambaa. "Umekaa kitako tu, unaniona? Shingo inakatika, mwanangu."

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Nakuja."

"Marahaba. Salamu baadaye, nitue kwanza."

Nikainuka nusu.

"Wanne," kilisema kiti.

Picha ikatetemeka, na miguu ya Mama Mkubwa ikaanza kufifia. Nikaketi upesi. Miguu ikarudi.

"Bi Květa, nihesabie wewe mwenyewe, tafadhali."

"Mimi niko kazini."

Nilifikiri kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Nikikaa, ataendelea kubeba. Nikisimama, atapotea pamoja na mzigo. Nilipoinua macho tena, nilimwona Mama Mkubwa akimkagua mfamasia, kisha koti, kisha beseni.

"Bi Květa," nilisema, "mtazamaji ni nani?"

"Ni anayetazama."

"Ni lazima awe upande huu wa kitambaa?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hilo halikusemwa popote."

"Basi Mama Mkubwa anatazama."

"Ni kweli," alisema samaki. "Ananitazama mimi. Kwa jicho la mpishi."

"Wa tano," kilikiri kiti, shingo upande.

Ninasimama. Picha haitetemeki. Ninapanda matuta, koti linakunja mkono wake kunipisha, na kitambaa kinanipokea kwa ubaridi kama maji ya mto. Ninashika tenga upande mmoja, yeye anashika upande wa pili.

"Taratibu," anasema. "Usije ukaniangushia mguuni."

Tulilishusha. Lilipogusa ardhi lilitoa sauti ndogo tu, lakini theluji yote ya paa la ukumbi iliporomoka kwa pamoja, na milima ikashusha pumzi hata nyasi zikalala. Mama Mkubwa alinyoosha mgongo. Alinyooka, akaendelea kunyooka, mpaka ukungu ukamfikia mabegani. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba ni mrefu kiasi kile. Nyuma yangu watazamaji wote walisimama, hata yule wa kwenye beseni.

"Umenenepa," aliniambia kutoka huko juu.

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Vizuri."

Niliamka chumbani kwangu, Morogoro. Viganja vilikuwa vikiwasha. Nilipowasha taa niliona alama nyekundu za fito, zimepishana kama msuko wa tenga. Zilififia nilipokuwa nikinywa chai.

Leo mchana nilimkumbuka Mama Mkubwa, kama ninavyomkumbuka kila siku. Safari hii hakuwa na tenga kichwani, na mikono yake ilikuwa mitupu.