Kifungu cha Nne

Wivu haukumpa Pétronille hata nafasi ya kunawa uso; uliamka kabla yake. Miaka minane alikuwa nahodha wa ekipe ya mpira ya wanawake ya Songo, mpaka goti likamkatalia. Sasa kitambaa cha nahodha kilikaa mkononi mwa Délice, na mama wauza samaki wa ndagala waliokuwa wakimwita yeye "Kapiteni!" walimwita mtoto huyo.

Basi barua ya ekipe pinzani ya Makobola ilipofika, ikidai Délice alicheza bila lisansi, kibali cha ligi, Pétronille aliisoma mara tatu, kama anayelamba asali. Yeye alikuwa mmoja wa waamuzi watatu wa kamati ya nidhamu ya ligi. Wakimtia Délice hatiani, fainali ataitazama toka kwenye majani ya pembeni.

Jumamosi asubuhi walikutana parokiani. Mzee Gaspard, mwenyekiti, aliomba, wakaitikia "Amina." Kisha akauliza, kama sheria mpya inavyotaka:

"Nani kati yetu iko na undugu, ushemeji ao kinyongo na mushitakiwa?"

Siku zote walijibu pamoja "Hakuna!", kwa sauti ile ile ya Amina, swali halijaisha.

Gaspard alilitoa swali hilo kwenye semina ya Bukavu, alikofundishwa namna mahakama ya michezo ya kimataifa inavyoamua: mwamuzi ajitaje kwanza, mshitakiwa asikilizwe, asiyeridhika apate pa kukata rufaa. Lakini aliyeng'ang'ania liandikwe ni Pétronille. Zamani alifungiwa mechi tatu bila kuulizwa neno, na aliyemhukumu alikuwa shemeji ya kocha wa upande wa pili. Kifungu cha nne cha sheria za ligi, chenye swali hilo, kilikuwa mwandiko wake mwenyewe, wino wa buluu, mistari imepigwa kwa rula.

"Hakuna," alisema Mama Louise, mwamuzi wa tatu. Peke yake.

"Mama Pétronille?"

Alikitazama kitambaa mkononi mwa Délice, aliyeketi mbele yao. Kimefungwa ovyo, kimelegea.

"Minye niko na wivu naye, Mzee. Haiko kinyongo, lakini iko ndugu ya kinyongo."

Louise akacheka. "Weye! Songo yote inajua!"

"Basi utoke, mama," Gaspard alisema polepole. "Consolée, mwamuzi wa akiba, atakaa pahali pa weye."

Pétronille alikaa nje, chini ya dirisha. Akamsikia Délice akieleza: lisansi ilitolewa kabla ya mechi, gari lililoileta likakwama Luvungi, risiti yenye tarehe hii hapa. Hakuna aliyemkatiza. Hilo nalo likamuuma Pétronille: yeye hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo.

Délice alitoka huru, anacheka. Ng'ambo ya barabara mama wa ndagala wakapaza sauti:

"Kapiteni!"

Wa kwanza kugeuka alikuwa Pétronille.