Flashi ya Fundi Bomba

Kompyuta ya kwanza ilisema haikitambui kifaa hicho. Ya pili haikusema lolote, ilinyamaza kimya kana kwamba hakuna aliyeichomekea kitu. Dada mkubwa, aliyekuwa amefunga saluni yake tangu asubuhi na kuwaacha wateja wamenuna mlangoni, alimtazama mdogo wake kwa jicho ambalo kila kitindamimba analijua.

"Jaribu tundu la nyuma."

"Nimejaribu la nyuma, nimejaribu la mbele, nimejaribu la pembeni. Dada, limebaki tundu la pua yangu tu."

Duka lilikuwa la mdogo mtu: chumba chembamba cha kutoa kopi, chenye mashine ya kuchapa inayonguruma hata ikiwa haina kazi, na benchi moja la wateja. Leo benchi hilo lilikuwa na mteja mmoja, mama yao. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, mkoba ameupakata na kuushika kwa mikono miwili. Hakuuliza wanaendeleaje. Angeuliza ingekuwa nafuu, kwani ukimya wake ndio uliokuwa unampandisha dada mkubwa presha.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yao, fundi bomba, mtu wa ovaroli na spana, alifariki mwaka uliopita. Siku familia ilipohamia kwenye nyumba yao wenyewe, watoto hawa wakiwa bado wadogo, baba aliazima redio ya jirani, akaweka kaseti tupu, akarekodi. Alichorekodi ni uimbaji wake mwenyewe, na tusitie chumvi, baba alikuwa haimbi, alikuwa anagombana na wimbo. Lakini kaseti ile ilipigwa nyumbani miaka na miaka, mpaka utepe ukaanza kukatika, ikawekwa kabatini. Uzeeni baba akaipeleka kwa watu wa studio, wakamhamishia kwenye flashi. Alirudi amefurahi kama mtoto, na kaseti akaitupa siku hiyohiyo, maana hakupenda vitu virundikane. Alisema atamfanyia mama watoto mshangao. Ugonjwa ukamwahi.

Flashi waliikuta kwenye sanduku lake la vifaa, katikati ya koki na vipande vya mpira. Sauti yote ya baba iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya kijidude hicho, na kijidude kilikuwa kimesusa. Kikifa hiki, hakuna kingine.

Mdogo mtu aliichomeka tena kwenye kompyuta ya pili, akaitikisa kidogo, akaisukuma kwa kidole gumba. Ghafla kioo kikaleta maandishi. Uso ukamng'aa.

"Imekubali! Inasema tuifomati kwanza ndiyo itumike."

"Kufomati ndiyo nini?"

"Tunaisafisha, inafunguka. Wateja wangu kila siku nawafanyia hivyo." Kidole chake kilikuwa kishafika kwenye kitufe.

"Inasafishwa, halafu vilivyomo vinabaki?"

Kidole kikasimama hewani. Kazi ikizoeleka sana mikono hutangulia akili, naye siku zote aliwasafishia watu flashi walizotaka zisafishwe. Dada mkubwa hakusubiri maelezo. Alimshika kifundo cha mkono, akauondoa mkono ule pale mezani kama anavyomwondoa mtoto kwenye jiko.

"Usiguse kitu," alisema. "Umenisikia? Baba utamfuta mara ya pili."

Yalikuwa maneno makali, na alijuta palepale. Mdogo wake aliinamisha kichwa. Kule kwenye benchi mama aliuhamishia mkoba paja la pili, basi.

Dada mkubwa akaichomoa flashi mwenyewe. Ikamponyoka vidoleni. Akaiokota, ikateleza tena. Akasugua kidole gumba kwa cha shahada, akavipeleka puani.

"Hebu nusa."

Mdogo mtu akanusa. Wakatazamana.

"Hapana," akasema mdogo mtu. "Hata flashi?"

Hata flashi! Baba yao hakuweza kuona kitu kinachoingia ndani ya kingine akakiacha bila kukipaka grisi. Mabomba, sawa, ndiyo kazi yake. Lakini alipaka na funguo, akapaka kufuli, bawaba, kifuniko cha chupa ya chai, na plagi ya pasi mpaka siku ilipotoa cheche mama akapiga mayowe mtaa mzima ukatoka. Alipaka zipu za mabegi ya shule. Watoto wa fundi bomba walijulikana darasani kwa madoa, wakaitwa "gereji", wakalia, na kesho yake zipu zikapakwa upya. Zamani waliona aibu. Sasa dada mkubwa aliona kwamba angetoa chochote apate begi lile moja lenye doa lile. Wakaanza kucheka wote wawili, kile kicheko cha nyumba moja, ambacho mgeni hawezi kukiingilia.

"Kuna nini?" mama akauliza hatimaye.

"Mama, Baba aliipaka grisi."

"Sasa mlitaka aiache hivihivi?" akasema mama, na hakuwa na utani hata chembe.

Mdogo mtu akaleta spiriti anayosafishia mashine ya kuchapa na vijiti vya pamba. Grisi ilikuwa imeshikana na vumbi la sanduku, imeziba vile vibati vidogo vya shaba ambavyo kompyuta huvigusa ili isome. Dada mkubwa akachukua kijiti, kisha akasita. Hii ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya baba yake, naye ndiye anaifuta. Alitamani kuiacha ilivyo. Machozi yakamtoka bila kificho, akasugua hivyohivyo, kijiti baada ya kijiti, mpaka vibati vikang'aa. Mdogo mtu alitaka kuichomeka mbichi, akapigwa kikofi, akatulia mpaka spiriti ikakauka.

Ikachomekwa. Kompyuta ikalia mlio mfupi. Likatokea faili moja tu, na safari hii hakuna aliyezungumzia kufomati.

Kwanza ulisikika mkwaruzo wa kaseti. Kisha mtu akakohoa, akasema, "Mama watoto, njoo usikie, nakuimbia nyumba yako." Halafu baba akaanza, kwa ile sauti yake ya kugombana na wimbo, kijana, mwenye nguvu, hana hili wala lile. Mdogo mtu akaziba uso kwa viganja. Dada mkubwa akasogea karibu na spika.

Baba akapanda juu, sauti ikamkatikia njiani. Hapo ndipo mtu mwingine akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa cha mwanamke, cha kujimwaga, kilichokwama, kikakoroma puani, kikaanza upya mpaka kikaufunika wimbo. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu kaseti ifungiwe kabatini, na kicheko hicho kilishasahaulika nyumbani; dada mkubwa aligeuka kutazama kama kuna mteja aliyeingia.

Mama alikuwa amesimama. Mkoba ulikuwa umeanguka sakafuni wala hakuuona.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi?"

"Wewe."

Mama alisogea hadi kwenye meza, akaegemea kwa mikono yote miwili. Alikuja kumsikiliza mumewe, na mumewe alikuwa pale, anaendelea kuimba bila aibu. Mdogo mtu akashika kipanya, akairudisha rekodi mwanzo, mama yao amsikie baba vizuri, kwa utulivu.

"Siyo hapo, mwanangu," alisema mama. "Peleka mbele, pale ninapocheka."