Kachumbari ya Ntheo

Ukitaka kumjua Mutanu, mpe kabichi na kisu. Bibi yule ataigeuza kabichi mkononi, ataibonyeza kichwani, atainusa kitakoni, ndipo atamke hukumu: hii ya mchuzi, hii ya kukaanga, hii ya kachumbari. Na hukumu yake haina rufaa.

Kamanthe, mke wa mwanawe, alilijua hilo tangu Krismasi yake ya kwanza katika boma lile la Katelembo. Akiwa bado bi harusi mgeni, alizikata kabichi zote vipande vikubwa vikubwa, za mchuzi kwa za kukaanga, akazipika pamoja. Mutanu aliinua mfuniko, akachungulia, akaibeba sufuria nzima mpaka zizini. "Hii ni ya hawa," alisema, akawamwagia mbuzi mbele ya mashemeji wote. Mbuzi nao, kwa kukosa adabu, wakala hadi wakalamba sufuria.

Tangu siku ile wawili hao hawakupika jiko moja. Kila mmoja alijenga lake, wakawa wanasalimiana kwa shingo upande, mpaka watoto wakakua wakaona hayo ndiyo maisha.

Sasa Emily, binti Kamanthe, alikuwa amepata mchumba wa Kithimani, na wakwe walikuwa wanakuja kuleta mbuzi wa ntheo. Mbuzi hao wakishapokewa, msichana ni mke wa watu, na hakuna wa kubisha. Basi siku moja kabla ya wageni, Mutanu alitokea jikoni kwa Kamanthe bila kuitwa, kisu chake mwenyewe mkononi.

"Mjukuu wangu hawezi aibishwa na kabichi," alisema. "Sogea."

Kamanthe alisogea. Alisogea kwa furaha ambayo hata yeye ilimshangaza, akavuta kigoda cha pili, na wawili hao wakakaa goti kwa goti kama watu walioambizana kuwa mavi ya kale hayanuki.

Mutanu alikata akifundisha. "Za mchuzi usiguse leo. Acha na majani yake ya nje, panga kwa simiti, kitako juu. Kesho ndio unapasua, na ule moyo wake ubaki, isisambaratike kwa sufuria. Za kukaanga, upana ya kidole. Weka kwa karai, funika na kitambaa yenye maji. Umesikia?"

"Nimesikia, mwaitu." Mama, yaani. Kamanthe hakuwa amemwita hivyo kwa miaka.

"Hizi za kachumbari sasa ni uzi." Kisu kilipita juu ya kabichi kwa wepesi, nyuzi nyeupe zikaanguka moja moja. "Uzi inataka kupumua. Ukiweka kwa beseni inatoa jasho, asubuhi inanuka. Inataka gunia yenye unyevu, na niko na gunia mzuri kwa stoo. Na usioshe tena! Nimeosha ikiwa mzima. Ukiosha ikiwa uzi, inakunywa maji kama mlevi."

"Na kuonja je, kesho?"

"Nani aonje? Siku ya ntheo mgeni ndiye anatangulia."

Kamanthe alicheka. Akazibeba nyuzi zile mwenyewe hadi kwenye stoo ya mama mkwe wake, akashika mdomo wa gunia Mutanu alipokuwa akizimimina ndani na kunyunyiza maji juu. Stoo ilikuwa na giza, nayo ilinukia mahindi kama stoo zote. Kamanthe hakufikiria chochote. Alikuwa anafikiria tu kwamba amesamehewa.

Siku ya pili wageni walijaa chini ya hema. Mbuzi walipokewa, maombi yakaombwa, wali na nyama vikapangwa mezani. Mutanu alichanganya kachumbari kwa mkono wake, nyanya, vitunguu, dhania na ndimu, akaibeba beseni kichwani mpaka kwenye meza ya wakwe. Hakukubali kusaidiwa. Akiwa huko huko alimpungia Kamanthe mkono akachukue zilizobaki stoo.

Kamanthe alilivuta gunia mpaka mlangoni penye mwanga, akalikunjua mdomo. Kabichi zilikuwa zimekwisha, zilibaki nyuzi chache chini. Kando yazo, kwenye pindo la mshono, palikuwa na unga wa kijivu ulioloana ukawa kama uji, na punje mbili za mahindi zilizopakwa unga huo huo.

Aliinama akanusa. Harufu ilimpanda puani hadi kwenye utosi. Aliijua. Kila mkulima wa Ukambani anaijua, ni ile dawa inayochanganywa na mahindi ili dumuzi wasiyamalize, ile ambayo hata ukiipaka unafunga leso mdomoni na kuwafukuza watoto mbali. Gunia hili lilikuwa la mahindi ya mbegu, likamwagwa, likakung'utwa, likakunjwa. Kwa macho ya bibi kizee lilikuwa safi.

Kamanthe alipigwa na butwaa.  Ngai, Mungu wangu, tumewalisha wakwe sumu.

Wazo la kwanza lilikuwa kupiga kelele. La pili ndilo lililomziba mdomo. Atasema nini? Kwamba chakula cha ntheo kina sumu, na aliyekikata, akakihifadhi, akakichanganya na kukataa kisionjwe ni ajuza mmoja mjane? Nani atauliza habari za gunia? Ng'ambo ya mto kulikuwa na bibi aliyefukuzwa kwake na vijana kwa uvumi wa uchawi mwepesi kuliko huo. Watu hawataki ushahidi wanapomwona mzee na maiti, wanataka kiberiti.

Alikimbia. Kule hemani Maundu, mjomba wa bwana harusi na msemaji wao, alikuwa tayari ameegemeza sahani yake kwenye beseni, kijiko cha kwanza cha kachumbari kikielea juu ya wali.  Kamanthe aliishika beseni kwa mikono miwili akaipindua, kachumbari yote ikamwagika chini kwenye vumbi.

 Mama mzazi wa msichana kumwaga chakula cha wakwe! Mzee mmoja alivua kofia. Emily alijifunika uso kwa kanga yake mpya.

"Nimeteleza," Kamanthe alisema, na kila mtu alikuwa ameona kwamba hakuteleza.

"Aiya!" Mutanu aliinuka. Alikuwa amewaka hasira, na chini ya hasira kulikuwa na maumivu ambayo Kamanthe aliyaona wazi. "Kumbe ulikuwa unangoja leo? Miaka hii yote uliweka hiyo ya mbuzi kwa roho, unilipe mbele ya wakwe?"

"Hapana, mwaitu, sio..."

"Nyamaza!" Kisha Mutanu akawageukia wageni, akalazimisha tabasamu. Kwenye kitambaa cha meza palikuwa pamebaki fungu la kachumbari lililoponyoka beseni. Alilizoa lote kwa vidole. "Wazee wangu, msiogope. Hakuna mkosi hapa. Hii kabichi nimekata mimi kwa huu mkono yangu." Akalitia mdomoni, akaanza kutafuna akiwatazama usoni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kamanthe alisikia sauti ikimtoka bila ruhusa yake.

"Mama, tema! Iko na dawa ya mahindi! Mimi ndio nilikosea gunia, mimi, tema!"

Viti vilianguka. Mtu alipiga yowe. Maundu aliiangalia sahani yake kama iliyomzungumzisha.

Mutanu aliacha kutafuna. Alimtazama Kamanthe, na macho yake yakasema kwamba ameelewa: gunia gani, limetoka wapi, nani alilichagua. Lakini hakutema. Alifumba midomo. Mbele ya wakwe, mama mwenye boma hatemi chakula, afadhali ardhi impasukie. Kamanthe aliliona koo la kikongwe yule likianza kupanda, akajua kwamba atameza. Atameza ili kuficha aibu, hivi hivi, mchana kweupe.

Alimfikia kwa hatua ambazo hakuzihisi. Akamkingia kiganja chini ya kidevu, kama mama anavyomkingia mtoto anayeota meno.

"Tema hapa," alisema taratibu. "Tema kwa mkono wangu, mwaitu."

 Mutanu akainamisha kichwa, akatema.

Emily alifika mbio na jagi la maji, bibi akasukutua, akatema tena, mara hii chini, mbele ya wote. Alijifuta kwa pindo la leso, akawainulia wakwe uso uliolowa.

"Gunia ni yangu," alisema. "Mimi nilitoa kwa stoo, mimi nilijaza. Huyu anajitwika kosa yangu."

 Maundu aliiweka sahani chini. Kamanthe alibaki amesimama na kiganja kilichofumbwa, makapi yale yakiwa ndani, na Mutanu alikuwa ameushika mkono huo kwa mikono yake miwili na hakutaka kuuachia.